Pampu Zinazojiwasha Zenyewe na Kazi Yetu

(Hotuba iliyosomwa na watu wa nyumba ya pampu mbele ya mkutano wa tawi. Yachapwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Kamati imetuomba sisi wa nyumba ya pampu tuseme juu ya mashine mpya ambayo wakubwa wa kazi wataka kuiweka katika stesheni yetu. Twajua ya kuwa habari hii imekwisha zunguka landi zote, nayo imezunguka vibaya. Wengine wasema inakuja kompyuta ya kufukuza watu wote wa pampu. Wengine wasema ni bure tu, itaharibika baada ya mwezi mmoja, basi tungoje. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea. Na kwa kuwa wiki ijayo wajumbe wetu watakaa meza moja na wakubwa, haifai waende huko bila kujua kitu chenyewe ni nini. Mtu hawezi kubishana bei ya ng'ombe ambaye hajamwona.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wengi wenu mwaoga kila asubuhi wala hamjaingia nyumba ya pampu hata siku moja.

Maji yetu hukaa katika tangi la chini. Kutoka hapo pampu huyasukuma mpaka landi, karakana, zahanati, na mahali pa kuoshea mabehewa. Lile tangi la juu lenye miguu ya chuma mnaloliona karibu na yadi halishiki maji tena, limekwisha liwa na kutu. Kwa hiyo maji hutoka kwenye pampu yakaingia moja kwa moja katika bomba la landi. Kila mfereji unapofunguliwa, pampu hupata habari papo hapo.

Siku za moshi jambo hili halikuwa na taabu namna hii. Watu walioanza kuijenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896 walifika nyika ya Taru, ambako hakuna maji, hata ikabidi maji yafuate nyuma yao kwa gari moshi ili watu wa mbele wapate kunywa. Tangu hapo kazi ya reli ikawa ni kazi ya maji pia. Zilipokuja zile Garratt kubwa za aina ya 59 kutoka Manchester tangu mwaka 1955, injini 34 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kila moja ilitaka maelfu ya galoni kwa safari. Lakini pampu haikuwa na haraka. Iliweza kujaza tangi la juu polepole usiku kucha, na injini ikifika ikanywa kwa dakika chache ikaenda zake. Tangi lile ndilo lililokuwa subira ya pampu. Leo tangi hakuna, basi subira nayo hakuna, na pampu yapaswa kufuata mahitaji ya watu dakika kwa dakika.

Na mahitaji ya watu hayatulii. Tutoe mfano wa hesabu, nanyi mtusamehe kwa hesabu, maana ndiyo kitu tulichopigiwa fimbo sana huko mission nasi hatutaki ipotee bure. Tuseme saa tisa usiku landi zote zahitaji mita 3 za ujazo kwa saa, basi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wa zamu ya asubuhi wanaamka, chai yapikwa, watoto waogeshwa, nayo haja yapanda mpaka mita 45. Saa nne asubuhi yashuka mpaka 15. Jioni yapanda tena. Pampu moja kubwa lazima itoshe ile saa ya alfajiri, kwa hiyo tuseme imenunuliwa ya kutoa mita 60 kwa saa, ikiwa na nguvu ya kupandisha maji mita 40 juu, ambayo kwenye geji husomeka 4. Pampu ya namna hiyo hula kama kilowati 10 za stima.

Sasa usiku twaifanyia nini? Haja ni mita 3 na pampu yatoa 60. Mtu wa zamu hufungua vali ya pembeni ili maji mengine yarudi katika tangi yalikotoka. Yaani twalipia stima ili kuzungusha maji yaleyale mahali palepale, kuanzia saa nne ya usiku mpaka saa kumi na moja, kwa saa saba, uniti kama 70. Ni sawa na kupeleka gari moshi la mabehewa ishirini kumchukua abiria mmoja. Na vali ile ikifungwa ili kuokoa stima, presha yapanda, sili za pampu zaumia na mifereji ya landi huanza kuvuja. Kila njia hasara.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la pampu tatu ndogo mahali pa moja kubwa, kila moja ya mita 20 kwa saa, yenye mota ya kilowati 4. Usiku moja tu yafanya kazi, tena kwa mwendo mdogo. Asubuhi haja ikipanda, ya pili yaitwa, kisha ya tatu. Haja ikishuka, ya tatu yapumzishwa, kisha ya pili. Jambo hili halina uchawi. Mtu wa pampu mwenye akili angeweza kulifanya kwa mkono kwa kutazama geji, na wako wazee waliolifanya miaka mingi. Mashine inalifanya bila kusinzia, hayo tu.

Wenzetu wa dizeli mtaelewa upesi kuliko wote. Katika injini yenu mna kompresa ya hewa ya breki. Nani huiwasha na kuipumzisha? Si dereva. Kuna gavana. Hewa katika tangi ikipungua mpaka kiwango cha chini, gavana huiamuru kompresa ipige hewa. Hewa ikifika kiwango cha juu, gavana huipumzisha. Kati ya viwango hivyo viwili gavana hanyanyui mkono. James Watt aliweka gavana juu ya injini yake ya stimu mwaka 1788, kwa hiyo mtu asituambie jambo hili ni la kizazi cha simu za mkononi. Hata boya katika tangi la choo ni gavana.

Shikeni sana habari ya viwango viwili. Kama gavana wa kompresa angekuwa na kiwango kimoja tu, kompresa ingewaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mpaka iungue. Ile nafasi kati ya cha chini na cha juu ndiyo inayoipa mashine pumzi.

Katika pampu tatu mambo ni hayohayo, ila yamezidishwa, kwa sababu mashine ya leo haizimi na kuwasha tu. Hugeuza mwendo pia. Stima ya Kenya hupiga mapigo 50 kwa sekunde, na kwenye kioo cha mashine utaona imeandikwa hezi 50. Kigeuza mwendo huweza kuyapunguza mapigo hayo, na mota ikaenda pole. Ukipunguza mwendo, maji hupungua kwa kadiri ileile, lakini presha hupungua zaidi, na ulaji wa stima hupungua zaidi kabisa. Mwendo ukiwa sehemu 90 katika 100, presha inayoweza kutolewa ni 81, na stima ni 73. Mwendo ukiwa 80, presha ni 64 na stima ni 51. Maneno haya ni ya kweli kwa pampu zote za namna ya kuzungusha, hakuna mwuzaji aliyeyatunga.

Lakini hapa pana mtego, nasi twaomba mtusikilize vizuri, kwa kuwa sehemu hii ndiyo itakayotufaa mezani.

Tuseme kila pampu yetu ndogo, mifereji yote ikifungwa na mwendo ukiwa 50, huweza kusukuma mpaka mita 55 juu na hapo haitoi maji. Ikitoa mita 20 za ujazo kwa saa, husukuma mita 40. Na amri tuliyoipa mashine ni kwamba geji isome 4 saa zote, yaani mita 40. Basi pampu hiyo ukiiendesha polepole, kuna mwendo ambao inazunguka lakini haiwezi tena kufikisha mita 40, kwa hiyo haitoi hata tone. Kwa hesabu yetu mwendo huo ni karibu hezi 43. Chini kidogo ya hapo pampu yakoroga maji ndani ya tumbo lake na kuyapasha moto. Ukiipita kidogo, maji yaanza kutoka. Kwenye hezi 44 kila pampu yatoa kama mita 8. Kwenye 45 yatoa 11. Kwenye 46 yatoa 13. Kwenye 50 yatoa 20. Mwaona basi: kazi yote ya pampu imo katika nafasi ndogo sana, kati ya 43 na 50.

Sasa pampu mbili zafanya kazi pamoja kwa mwendo mmoja, na watu wanaendelea kufunga mifereji. Mashine yapunguza mwendo wa zote mbili. Je, ipumzishe ya pili ikifika hezi ngapi? Namba hii mtu ndiye huiandika katika mashine. Mashine haizaliwi nayo.

Mtu akiandika 46, pampu mbili wakati huo zatoa jumla ya mita 26. Ya pili yazimwa. Inabaki moja, nayo hata ikikimbia mbio zake zote haipiti 20. Presha yashuka. Mashine yaita ya pili tena. Presha yapanda, mwendo washuka mpaka 46, ya pili yazimwa. Presha yashuka. Mchezo huu waweza kwenda asubuhi nzima, na kila mara vali ya kuzuia maji yasirudi yapiga kishindo, na bomba latetemeka. Mafundi wa Kizungu walisema mashine inawinda. Sisi twasema imepata degedege.

Mtu mwingine akiogopa hayo akaandika 40, atadhani yu salama. Lakini tumekwisha ona ya kwamba ili kuishika ile mita 40 mwendo hauwezi kushuka chini ya kama 43. Basi 40 haitafikiwa milele, na pampu ya pili haitazimwa. Itazunguka usiku kucha pamoja na mwenzake, zote mbili zikikoroga maji, na kwenye kioo kila kitu kitaonekana kizuri, taa ya kijani imewaka. Huu ni ugonjwa mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa hauna kelele. Utaujua tu kwa bili ya stima na kwa sili zinazokufa mapema.

Akiandika 44, mbili zatoa jumla ya mita 17 hivi. Moja huweza kuyabeba mzigo huo na kubaki na nguvu kidogo. Ya pili yapumzika kwa amani. Na kutoka tatu kwenda mbili namba si hiyo tena, yafaa kama 45, kwa sababu hapo tatu zatoa 33 na mbili zaweza 40.

Ndugu, 46, 44, 40. Tofauti ni ya namba sita tu, na kati yake kuna mashine nzuri na mashine mbili mbovu. Tena namba hizi ni za mfano wetu. Pampu nyingine, bomba jingine, mlima mwingine, na hesabu yote hubadilika. Mtu aliyekuja kutoka mjini kwa siku moja akaandika namba alizozoea kuandika kwingine, amefanya kazi ya kubahatisha.

Ziko namba nyingine tutazitaja kwa haraka. Iko ya kungoja kabla ya kuita, na ya kungoja kabla ya kupumzisha. Kuita kuwe kwa upesi, sekunde chache, maana mama anayeogesha mtoto hawezi kungoja. Kupumzisha kuwe kwa pole, dakika moja au zaidi, kwa kuwa aliyefunga mfereji pengine anabadili ndoo tu. Iko amri ya kwamba stima ikikatika ikarudi, pampu zisiamke zote kwa pamoja. Mota ikiwashwa moja kwa moja bila kigeuza mwendo hunywa stima mara tano mpaka nane ya kawaida yake kwa muda mfupi, na kwa wateja wakubwa wanaolipishwa pia kwa kilele cha mwezi, kosa la dakika chache hubaki katika bili. Iko amri ya kuzima zote tangi la chini likikauka, na hiyo isiguswe na mtu yeyote.

Tena iko amri ya zamu. Leo pampu ya kwanza ndiyo kiongozi, kesho ya pili, kesho kutwa ya tatu, ili zote zifanye saa sawasawa. Hapa sisi wa pampu hatukubaliani wenyewe kwa wenyewe. Wengine wasema usawa ni haki hata kwa mashine. Wengine, nasi tuko pamoja nao, twasema pampu tatu zilizozeeka sawasawa zitakufa wiki moja, na afadhali moja iwe na saa chache kuliko wenzake ili ibaki na afya siku ya shida. Jambo hilo tutalimaliza wenyewe, halina haja ya Mwenyekiti.

Na kwa wale wanaofikiri pampu mbili ni maji mara mbili: katika bomba refu sivyo. Maji yakizidi mara mbili katika bomba lilelile, ugumu wa kupita huzidi mara nne. Ni kama kufunga injini mbili katika treni moja. Mzigo wapanda, lakini mwendo hauwi mara mbili. Kwa hiyo wakubwa wakituambia tutaongeza pampu ya nne ili landi za mwisho zipate maji, tuwajibu kwamba shida ya landi za mwisho ni bomba. Ni jembamba na limejaa kutu. Hakuna kompyuta itakayolipanua.

Sasa tuje kwa watu.

Tulisikia kwamba pamoja na mashine hii watu wanne wa zamu ya pampu wataambiwa asanteni. Sababu iliyotolewa ni kuwa pampu zitajiangalia zenyewe. Tuwape habari ya mahali pamoja tulipopata kufanya kazi, jina lake tusilitaje. Mashine ya namna hii iliwekwa huko, ikafanya kazi vizuri miezi kadhaa, na watu wa usiku wakaondolewa. Mlango ukafungwa kwa kufuli. Ufunguo wa sanduku la swichi ukawa mjini kwa fundi wa mkataba.

Mashine hujua presha kwa kijibomba chembamba kinachofika kwenye kipimo. Kijibomba kile kikaziba kwa tope. Kipimo kikabaki kinasema presha ni ndogo, ingawa haikuwa ndogo. Basi mashine, kwa utii wake, ikaita pampu ya pili. Kipimo kikasema bado. Ikaita ya tatu. Kipimo kikasema bado. Zikakimbia zote tatu kwa mbio za mwisho, saa nane ya usiku, mifereji yote imefungwa. Bomba la zamani likapasuka chini ya vyumba vya landi. Watu wakaamka magodoro yao yanaelea, na watoto wamebebwa mabegani. Mlinzi wa usiku aligonga mlango wa nyumba ya pampu, lakini hakuwa na ufunguo, na hata angekuwa nao hakuna aliyemwonyesha swichi ipi. Maji yalikimbia mpaka karibu na mapambazuko.

Baadaye yule mlinzi ndiye aliyeandikiwa barua ya onyo. Ilisema alizembea. Tawi la huko lilisimama naye, likauliza swali moja tu: alipewa maagizo gani, na nani, siku gani? Hakukuwa na karatasi hata moja. Barua ikafutwa. Lakini magodoro hayakulipwa.

Mtu wa pampu angesikia kabla bomba halijapasuka. Pampu tatu usiku wa manane hazina mlio wa pampu moja, na asiyejua hilo ni yule ambaye hajakesha nazo. Angetazama geji ya mkono iliyo ukutani, aone sindano imefika mwisho, na kwenye kioo cha mashine namba nyingine kabisa. Vitu viwili vinavyopimwa mahali pamoja vikipingana, kimoja kinasema uongo. Mashine haikuwa na cha kulinganisha.

Tena kuna faida ambayo wakubwa wenyewe hawajaitaja. Saa tisa usiku, watu wamelala, pampu ya kiongozi yapaswa kulala pia, ikiachia tangi dogo la hewa lishike presha. Isipolala, maji yanakwenda mahali. Pengine choo kinavuja, pengine bomba limetoboka chini ya ardhi, pengine kuna mtu amejiunganishia. Mashine huandika saa za kila pampu. Mtu wa zamu akizisoma kila asubuhi na kuziandika katika daftari, ataiokolea kampuni maji mengi. Lakini lazima awepo mtu wa kusoma, tena aliyefundishwa maana yake.

Kwa hiyo shauri letu kwa wajumbe ni hili. Tusiikatae mashine. Tukiikataa tutakuwa tunatetea uniti 70 za stima zinazomwagwa kila usiku, na wakubwa watatucheka kwa haki. Tuikubali, tukidai kwamba watu wanne wa pampu wafundishwe kuiendesha kabla haijawashwa, na wapewe daraja na mshahara wa kazi hiyo mpya, kwa kuwa mtu anayejua kwa nini 44 na si 46 si mfungua vali tena. Tudai namba zote zilizoandikwa katika mashine zichapwe na kubandikwa ukutani kwa Kiswahili, na kila zikibadilishwa, aliyezibadilisha atie sahihi na tarehe. Ufunguo mmoja ubaki stesheni, na swichi kubwa ya kuzima iwe mahali ambapo hata mlinzi aifikia. Geji ya mkono isiondolewe.

Wakubwa wakisema hata hivyo kazi zimepungua, basi wajumbe waufungue ukurasa wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40. Hakisemi mwajiri hawezi kupunguza watu. Chasema chama na afisa wa kazi wapewe taarifa muda usiopungua mwezi mmoja kabla, pamoja na sababu na idadi. Chasema uchaguzi wa nani aende uangalie muda aliotumika, ufundi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Tena aondokaye alipwe, mbali na haki zake nyingine, mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku ana miaka 19 katika nyumba ile. Pigeni hesabu wenyewe, kisha wakubwa nao wapige, waone kama kumfundisha si rahisi zaidi.

Twajua wako watakaosema watu wanne ni wachache, chama kina mambo makubwa. Lakini mashine ya namna hii haitaishia kwenye pampu. Kompresa za karakana zaweza kuitwa na kupumzishwa hivyohivyo, na hata feni. Maneno tutakayokubali wiki ijayo juu ya pampu ndiyo yatakayosomwa mbele yetu siku hiyo.

Wajumbe wote watano waje nyumba ya pampu Jumamosi saa nane mchana, kabla ya mkutano. Tutawaonyesha geji, vali, na ule mlio tuliousema, na karatasi ya hesabu tutakuwa tumeiandika kwa mkono wino mweusi ili isomeke. Mwanachama mwingine yeyote akitaka kuja anakaribishwa. Avae viatu vilivyofunga, sakafu ina mafuta.